Kirundwe Inafungwa Jumatano

1

Mara ya kwanza kumwona babu yangu mzaa baba, alikuwa amelala mlangoni kwake mdomo wazi, nzi wanatua na kuruka, na kibuyu cha dengelua, ile pombe ya miwa, kimelala ubavuni pake kama mke mdogo.

"Ndiye huyo," nilimwambia Bibi Nakijwa, mzee niliyekuwa namhudumia. "Fahari ya kijiji."

Nilisema kwa utani kwa sababu kusema vinginevyo sijui. Nilipomaliza kidato cha sita, mwalimu wa nidhamu aliandika kwenye ripoti yangu kwamba Mbonea ana akili nyingi na mdomo mwingi kuliko akili. Baba aliisoma mara mbili, akasema angalau mwalimu ni mkweli.

Bibi Nakijwa hakucheka. Alimtazama yule mzee mara moja tu, akageuza uso haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe ndani.

Tulikuwa tumesimama katikati ya Kirundwe, kijiji cha nyumba kumi na tisa kwenye mteremko wa milima ya Upare, ambacho hakipo. Ni mwaka wa hamsini na moja sasa hakipo, tangu alasiri ile maji yalipoteremka na kilima chote. Miguu yetu ya kweli ilikuwa juu ya saruji ya ghala la zamani la mkonge, ambalo ndiyo ofisi yetu, kila mmoja na kofia ya nyaya kichwani. Lakini harufu ilikuwa ya Kirundwe: kuni mbichi, udongo mwekundu uliolowa, maharage yanayotaka kuungua mahali fulani.

"Yako wapi hayo maharage?" nikauliza.

"Kwangu," alisema Bibi Nakijwa.

Nyumba yake ilikuwa ya saba kushuka, bati limewekewa mawe lisipeperuke. Mlango ukafunguliwa, akatoka mtoto wa miaka kama sita, gauni la shule limeachia upindo, mfuniko wa sufuria mkononi. Akamwona mama yake. Akaangusha mfuniko, akaja mbio njiani.

"Namsifu," alisema bibi. Sauti ilikuwa ya mwanamke mwenye miaka ishirini na sita, wala si themanini kasoro.

Mtoto alifika kama hatua kumi kutoka kwetu. Uso wake ukafutika, kama ubao wa darasani uliopitishwa kiganja. Yakafuata mabati, migomba, mteremko wote ukatetemeka, na babu yangu akatetemeka nao bila kuamka. Bibi Nakijwa akainama. Nilimvua kofia kabla hajamaliza kutapika kwenye saruji.

"Hii ya tatu, na leo angalau umefika katikati," nilisema, nikimpa maji. "Kijiji kinakukataa, bibi. Au wewe unakikataa."

2

Mashine yetu ina jina refu la kiserikali ambalo hata bosi anasoma kwenye karatasi. Sisi tunaiita Shangazi, kwa sababu inauliza kila mtu habari za kila mtu, na haisahau. Unamvika kofia mtu aliyenusurika, unamwambia akumbuke kwao. Jambo linalokumbukwa sawasawa na watu watatu, Shangazi analiweka kijijini: nyumba, njia, hata kikohozi cha jirani. Linalokumbukwa na wawili linabaki ukungu. La mtu mmoja analitupa. Shangazi hamwamini mtu anayedai aliona peke yake.

Halafu kuna kufunga, na hapa ndipo watu hukunja uso. Kumbukumbu haikai kichwani kama nguo sandukuni. Kila ukikumbuka, unaitoa, unaifua, unaianika. Na kabla haijakauka inaweza kukunjwa vingine. Shangazi anakuja nguo ingali mbichi. Unalala dakika arobaini chini ya kofia, unakikumbuka kijiji, naye anakukunjia kila kitu kwa mikunjo waliyokubaliana wengi. Ukiamka unacho kijiji kimoja tu, na mlango wa kukiingia kila Jumapili, ukakae na marehemu wako mpaka uzee ukuchoshe. Asiyefungwa anaweza kujaribu kuingia, lakini kichwa chake kitabishana na kila anachokiona, na tumbo ndilo litakalolipa.

Walionusurika Kirundwe walikuwa saba. Sita walikwisha kufungwa. Wa saba alikuwa mbele yangu, anasukutua mdomo kwenye ndoo, na siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Kirundwe ilikuwa ifungwe Jumatano.

Nikamletea chai. Akaizungusha kikombeni bila kuinywa.

"Kuna kitu unakikumbuka tofauti na wenzako," nilisema.

"Ninakijua."

"Basi sema nikiandike, tupumzike wote. Ni nini, rangi ya mbuzi wa mtu?"

"Wewe ni mtoto wa yule aliyekuwa shule ya bweni? Wa Kajiru?"

"Mjukuu wa Kajiru, ndiyo. Umejuaje?"

"Masikio." Akatazama chai yake. "Babu yako hakuwa amelewa."

Nilitaka kucheka. Ungekuwa mimi ungeelewa. Baba yangu, aliyepona kwa sababu alikuwa bwenini, alikua anaitwa mtoto wa mlevi aliyeua kijiji. Babu ndiye aliyekuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kumwagilia lililochimbwa juu ya Kirundwe. Akalewa siku ya mvua, bwawa likajaa, ukuta ukapasuka, watu arobaini na watatu wakafa naye. Ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo tulivyoishi. Harusini tunapangiwa meza ya karibu na jenereta. Siku tunamzika baba hakuja mtu hata mmoja mwenye asili ya Kirundwe, na wengine walikuwa wanakaa mtaa wa pili. Kazi hii niliiomba ili nimwone huyo mzee kwa macho yangu, nijue nimerithi nini.

"Msabato yule?" alisema bibi. "Hata chai kama hii alikuwa haigusi. Akisikia harufu ya kahawa anakohoa."

"Bibi, watu sita wamemkumbuka na kibuyu."

"Kibuyu nilimpa mimi."

Akaweka kikombe chini, akaanza kusema akiitazama ndoo.

"Ndiva ilikuwa na kizibo chini, gogo limefungwa magome ya mgomba. Ukichomoa, maji yanakwenda mashambani. Na kila nyumba na zamu yake. Aliyeiba mbuzi Kirundwe alisamehewa baada ya mwaka. Aliyechomoa kizibo siku isiyo yake alikufa na jina hilo, na wanawe wakalirithi. Ili uchukue zamu ya mtu, lazima akupe kijiti chake, mkono kwa mkono, mbele ya watu. Siku ile zamu ilikuwa ya babu yako. Na babu yako alikuwa amemzika mkewe juzi yake."

"Nyanya yangu."

"Nyanya yako. Basi mfiwa hagusi maji ya kijiji wala hampi mtu kitu kwa mkono mpaka siku ya nne, anyolewe. Mvua ilianza alfajiri. Saa tisa tukapanda watu saba kutazama, na miavuli yetu. Ndiva imejaa mpaka midomoni. Kila mtu anaona kabisa kwamba kizibo kichomolewe. Na hakuna wa kuchomoa, kwa sababu ni maji ya mfiwa. Tungesemaje? Tumemwibia mtu aliye matangani? Mrutu akamwambia Senkoro, wewe ndiye mkubwa. Senkoro akasema, hapana, wewe ndiye jirani yake. Tukapeana heshima pale, mwanangu, tukapeana heshima, na maji yanapanda."

"Babu alikuwa wapi?"

"Tulimtuma mtu amwombe kijiti. Akasema siwezi kukitoa, mkono wangu una msiba, lakini chomoeni tu, nimewaachia. Maneno matupu bila kijiti, nani angeyakubali? Ndipo akaja mwenyewe. Mbio, na koti lake la kanisani. Akasema nitachomoa mimi, laana iwe yangu." Akaisukuma ndoo kwa mguu. "Tukamshika."

"Mkamshika?"

"Kwa heshima. Senkoro anamwambia, mzee pole, mzee tulia. Tulidhani majonzi yamempanda kichwani. Mimi nilishika mkono wa kulia. Alikuwa na nguvu! Anavuta, mimi navuta, namwambia baba usijiharibie. Ukuta ukalia kama kanga inayochanwa. Akatuachia koti mikononi, akakimbia."

"Akakimbilia wapi?"

"Chini, kwenye nyumba, anapiga kelele watu watoke. Sisi tulibaki juu ya ukingo. Maji hayapandi mlima kumfuata mtu."

Nje ya ghala gari lilipita likipiga honi. Nilisubiri lipite, ingawa halikuwa linatuzuia.

"Namsifu nilikuwa nimemwachia maharage," alisema. "Nilimwambia koroga koroga, narudi sasa hivi. Baadaye akaja bwana wa serikali na daftari. Nani mlinzi wa ndiva? Kajiru. Alikuwa wapi? Hapo kila mtu akatazama miguu yake. Mtu mmoja akasema, alikuwa amelewa. Wenzake wakaitikia wote, kama kanisani."

"Nani alisema?"

"Nimeshakwambia kibuyu nilimpa mimi."

3

Jumanne asubuhi nilikwenda kwa Mzee Senkoro, nyumbani kwake, nimejaa hasira mpaka nimesahau kufunga kamba za viatu. Nilikuta anamwagilia mchicha kwa kopo. Alifurahi kuniona, tangu afungwe amekuwa mtu wa kufurahi, na binti yake anasema siku hizi analala fofofo kama mtoto.

"Mzee, shikamoo. Siku ya maji, babu yangu alifika ndiva?"

"Marahaba, mwanangu. Kajiru? Hapana. Maskini alikuwa hajiwezi, alilala mlangoni."

"Hamkumshika mikono?"

"Tumshikeje mtu asiyekuwepo?" Aliniangalia kwa huruma ya kweli, kopo linadondosha maji kwenye kidole chake cha mguu. "Yanakusumbua, eh? Hata mimi yangenisumbua."

Nimewahi kubishana na waongo, ni mchezo mzuri, unatafuta jicho linapokwepa. Jicho la Senkoro halikukwepa. Alikuwa anasema ukweli wake wote. Wiki mbili zilizopita ningemkuta na ule mwingine ndani yake, umekunjwa mahali, na huenda ningemvuta mpaka akautoa. Mimi mwenyewe ndiye niliyembonyezea kitufe. Nilimwambia hata utani wakati namvika kofia, kwamba akiamka asisahau jina la mkewe.

Nilizunguka kwa wengine watano. Nitakuhurumia nisikusimulie.

Ofisini nilimkuta bosi wetu, Bi. Tupokigwe, mama wa Kinyakyusa asiyepandisha sauti hata akiungua. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Shahidi mmoja," alisema.

"Shahidi mmoja mkweli."

"Shangazi hapimi ukweli, Mbonea. Anapima mapatano. Tulijua hivyo tulipomnunua."

"Basi tusimfunge bibi. Abaki hivyo hivyo. Akifungwa, hakuna tena kichwa duniani chenye jambo hili."

"Kuna chako."

"Mimi nimesimuliwa tu. Na ni mjukuu. Nani atanisikiliza?"

"Usipomfunga hatamwona mtoto wake. Ana miaka mingapi, sabini na saba? Vipimo vya moyo wake umevisoma?" Akavaa miwani. "Ameomba mwenyewe, amesaini. Wewe ni fundi, wala si hakimu. Lakini kitufe kiko chini ya kidole chako, kwa hiyo usinidanganye kwamba huna la kuamua, na mimi sitakudanganya."

Kulikuwa na njia ya tatu, na ninaamini aliijua, ndiyo maana alitoka akaniacha na mashine. Shangazi ana namba za mashahidi wa vijiji jirani waliokufa kabla ya kofia kuletwa, majina tu, hazina kitu. Ningenakili kumbukumbu ya Bibi Nakijwa kwenye namba mbili kati ya hizo. Pamoja na yake, tatu. Shangazi angekubali mara moja, angemwamsha babu yangu pale mlangoni, angemvika koti la kanisani na kumpandisha ndiva. Wazee sita wangeanza kutapika Jumapili ijayo. Na bibi angeweza kuingia bila kukataliwa.

Niliandaa nakala zote mbili. Sitakuficha. Zilinichukua dakika nne.

4

Jumatano alikuja amevaa kitenge kipya, bado kina alama za mikunjo ya dukani. Nilimkalisha, nikamwambia kila kitu: njia ya kawaida, na ile yangu ya wizi.

"Kwa hiyo njia yako nitamwona Namsifu," alisema.

"Utamwona. Hatafutika."

"Na alasiri itafika."

"Itafika. Kijiji kitakwenda mpaka siku ile, kwa sababu kumbukumbu ya wenzako inaishia kabla ya maji, na yako haiishii."

"Nitakuwa wapi mimi?"

Nilijua jibu na sikulitaka. "Juu. Kwenye ndiva."

"Nimemshika babu yako mkono." Alitikisa kichwa polepole. "Na Namsifu yuko chini anakoroga. Kila Jumapili, mwanangu?"

"Kila ukiingia."

Alilainisha ile mikunjo kwenye kitenge, moja moja, na haikulainika.

"Mimi siwezi kuchagua," alisema. "Nikichagua ya kwanza, nimemuua mzee mara ya tatu. Nikichagua ya pili, namuua Namsifu kila wiki. Babu ni wako. Chagua wewe, na chochote utakachofanya sitakulaumu. Kama ni ya kwanza, hata sitajua kuna cha kukulaumu." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Lakini niseme jambo kabla sijasahau, maana nikitoka huko sitajua la kukuomba. Nisamehe. Nilimshika, halafu nikamsingizia, halafu baba yako alipokuwa mdogo alinipita sokoni akaniamkia shikamoo, na mimi nikageuka. Hilo la mwisho ndilo linaloniamsha. Nisamehe, Mbonea."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina.

Nilitaka kujibu. Sijui nilitaka kujibu nini. Nilimwona baba akiwa mtoto, anaamkia mgongo wa mtu. Mdomo wangu, ule ulioandikwa mpaka kwenye ripoti, haukuwa na ndiyo wala hapana. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa namhurumia, na vyote viwili vilitaka kupita mlango mmoja. Nikafikiri, acha kwanza. Kama ningetumia ile njia yangu, tungekuwa na siku nyingi za kusamehana.

Kwenye kioo cha Shangazi, Namsifu alikuwa amesimama mlangoni na mfuniko mkononi, amesimamishwa hapo anasubiri kichwa cha kumruhusu atembee.

"Lala, bibi," nilisema.

Nikazifuta nakala zangu. Nikabonyeza.

Dakika arobaini ni ndefu. Kope zake zilicheza, vidole vya mkono wa kulia vikakaza kwenye godoro, vikakaza sana, nikajua mkono huo uko ndiva, umemshika babu. Nilikiangalia kitufe cha kusimamisha. Vidole vikaachia kimoja kimoja. Baada ya hapo alipumua vizuri.

Aliamka akaomba kuingia papo hapo, hata maji hakutaka. Mimi nilibaki nje, nikatazama kwenye kioo. Alishuka njia ile kwa mwendo wa mwanamke kijana. Mtoto akaja mbio, hatua kumi, tano, moja, akamgonga tumboni kwa kichwa kama wanavyofanya watoto, na uso wake ukabaki kuwa uso. Walikaa kizingitini wakala maharage kwa kijiko kimoja. Maharage yalikuwa yameungua kidogo. Namsifu alikuwa anajitetea kwa mikono miwili na bibi alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho. Alikaa saa nzima. Wakati wa kurudi alipita mlangoni kwa babu. Akasimama, akapunga nzi usoni pake kwa pindo la kitenge, akasonya taratibu, akaendelea na safari.

Nilimvua kofia. Hakutapika. Uso wake ulikuwa umeshuka miaka kumi.

"Amekua mbishi!" alisema. "Eti moto ndio ulizidi, si yeye!" Kisha akaniona. "Wewe kijana, mbona macho mekundu? Unaumwa?"

"Nyaya hizi, bibi. Zina vumbi."

"Wewe ni mtoto wa nani vile?"

"Mjukuu wa Kajiru. Wa Kirundwe."

Kicheko kilimtoka usoni. Nilisubiri, mjinga mimi, nikitafuta machoni mwake, labda Shangazi amebakiza uzi mmoja. Alinyoosha mkono wake wa kulia akanishika wangu, akaukaza. Kweli alikuwa na nguvu.

"Usione aibu, mwanangu," alisema. "Ya babu yako si yako. Alikuwa mtu mwema, nakuapia, pombe tu ndiyo ilimwangusha, na msiba juu yake. Nimempita sasa hivi pale, nikamhurumia. Mimi nilifiwa na mtoto siku ile, na nimemsamehe. Wote tumemsamehe. Umesikia?"

Bi. Tupokigwe alikuwa amesimama mlangoni na karatasi za kufungia. Bibi hakuachia mkono wangu. Alikuwa anasubiri jibu, kwa upole, kama mtu aliyetoa zawadi.

"Asante, bibi," nilisema. "Nyumbani watafurahi kusikia."